Binti anakosa Kemia kwa sababu ya mwani: nimkataze?

Assalaam alaykum Bi Mwalimu, na shikamoo.

Mimi ni fundi wa ngarawa, naishi Jambiani. Mke wangu analima mwani tangu tulipooana. Tuna watoto watano, na ninayekuandikia habari zake ni wa tatu, binti, yuko Kidato cha Tano, anasoma CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia. Katika ukoo wangu hajapata mtu kufika huko. Mimi niliishia Darasa la Saba, nikaingia baharini na marehemu baba. Kwa hiyo karatasi yake ya matokeo ikija nyumbani huwa naipokea kwa mikono miwili.

Mwaka huu mwalimu mmoja kijana wa skuli yao kaanzisha kitu wanachokiita mradi wa utafiti. Si somo la mtihani. Wanafunzi wawili wawili wanachagua swali, wanachanganya masomo yao, wanapima, wanaandika, na wakikubaliwa wanapeleka kazi kwenye maonyesho ya wanasayansi vijana Dar es Salaam. Binti yangu na mwenzake wakachagua mwani. Wanataka kujua kwa nini siku hizi unakufa karibu na pwani, na kama ukipandwa maji ya kina utakua vizuri zaidi, na kama akina mama watapata pesa zaidi, na mambo ya chumvi, na joto. Mamake kampa kamba mbili, moja hapa karibu na moja kule mbali kwenye mkondo.

Mwanzo nilifurahi. Nilikwenda mpaka duka la dawa nikamnunulia kipimajoto kwa pesa yangu. Mwalimu wake akasema hakifai, sijui kwa nini.

Lakini bamvua unalijua, Bi Mwalimu. Maji yanakupwa saa nne, saa tano asubuhi, wakati mtoto anatakiwa awe darasani. Ikawa kila bamvua anakosa skuli siku mbili au tatu. Anavaa sare, anapanda daladala, anashuka kituo cha pili, anarudi kwa mamake shambani. Mamake anajua. Asiyejua nilikuwa mimi, mpaka nilipoitwa skuli. Mwalimu wa Kemia akanionesha daftari lake la alama: muhula uliopita 61, sasa 34. Na siku alizokosa ndizo wenzake walizoingia maabara.

Nikamwambia basi, habari ya mwani imekwisha. Akalia. Mamake akanijia juu: "Miaka ishirini na mbili nalima, huyu ndiye mtu wa kwanza kuniuliza ninajua nini." Siku tatu tulikuwa tunasalimiana tu. Shemeji yangu yuko Muscat, akapiga simu (mke wangu ndiye aliyemweleza, najua) akasema huko skuli ya kimataifa wanayosoma wanawe kila mwanafunzi analazimishwa kuandika utafiti wake mwenyewe, asipoandika hapati cheti, na sisi huku tunawavunja moyo watoto. Nikamjibu wanawe wana dereva. Simu ikakatika, sijui ni mtandao.

Kuna na jambo jengine dogo. Usiku mmoja nilimkuta binti amekaa na daftari lake haandiki kitu. Anasema vipimo havikutoka kama walivyodhani. Kamba mbili zimekua karibu sawasawa, na bamvua la tatu ile ya mbali hawakuiona kabisa, imekwenda na maji. Mwalimu wa mradi kawaambia wasawazishe hesabu kidogo ili tofauti ionekane, majaji wanapenda grafu inayopanda. Haya mimi siyajui, nimekuandikia upate picha yote.

Swali langu ni hili. Nimkataze aache mpaka amalize Kidato cha Sita? Na huu utafiti wa watoto una faida gani mbele ya mtihani wa Taifa?

Baba, Jambiani

*

Wa alaykumu ssalaam, na marahaba, baba yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale ulipoandika "jambo jengine dogo". Kwangu mimi hilo ndilo kubwa kuliko Kemia, daladala na shemeji wa Muscat ukiwaweka pamoja. Nitalifikia. Acha kwanza tumalize habari ya kengele na maji, kwa kuwa dawa yake iko karibu.

Usimkataze. Lakini utoro ukome leo, na kwa hili mama asisimame upande wa pili. Mtoto anayetoka na sare akaishia shambani kwa siri ya mamake, siku nyengine atatoka na sare akaishia mahali ambapo hata mama hajui. Mwambie mkeo hivyo mkiwa wawili, bila sauti ya juu, maana naye ana lake la kweli alilokwambia na ulilipokea kama ugomvi.

Bamvua wewe unalijua kuliko mimi niliyekuwa nalichora ubaoni kwa chaki. Linakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapopevuka, na halikai siku moja. Lina siku nne au tano ambazo mtu anafika kwenye kamba ya karibu kwa miguu, na kila siku maji yanachelewa kiasi cha dakika hamsini kuliko jana yake. Sasa achukue kalenda ya Kiislamu mliyotundika ukutani, achukue na ratiba ya skuli, azilaze pamoja mezani na atie alama mabamvua ya miezi mitatu ijayo. Ataona mengi yanagusa Jumamosi au Jumapili. Hizo ndizo siku zake. Za likizo zote ni zake. Bamvua lililoangukia katikati ya wiki litapimwa na mama, au litarukwa.

Ndiyo, mama apime. Mwani ameuweka kwenye mizani miaka ishirini na mbili, nani mwengine aijue kazi hiyo? Binti aandike tu kwenye daftari, tarehe hii amepima mama. Watafiti wakubwa wanafanya hivyo kila siku, aliyepima anatajwa. Kosa litakuja akiandika "nimepima" na siku hiyo alikuwa maabara anashika bureti.

Shemeji yako hakusema uongo. Kwenye programu ya International Baccalaureate mwanafunzi wa miaka miwili ya mwisho lazima aandike insha ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, na anaruhusiwa kuunganisha masomo mawili ndani yake. Uingereza wana mradi wa aina hiyo unaopewa uzito wa nusu ya somo la A-level. Japani, tangu 2002, serikali inazichagua skuli za sekondari ya juu na kuzipa fedha zifundishe sayansi kwa njia ya utafiti. Kwa hiyo yule mwalimu kijana hakuota ndoto peke yake. Hata maonyesho ya Young Scientists Tanzania, yaliyoasisiwa 2011, yamefuata mfano wa yale ya Ireland ambayo yana umri wa miaka zaidi ya hamsini.

Alichosahau kukwambia shemeji ni kwamba huko kazi hiyo imetengewa nafasi. Ile insha ya wanawe imekadiriwa saa 40 za mwanafunzi, msimamizi anatakiwa akae naye saa 3 hadi 5, na mwisho wake inatiwa alama zinazoingia kwenye cheti. Binti yako ana masomo matatu makubwa na yale madogo ya lazima, halafu juu yake akatandikwa mradi bila kushushiwa kitu. Hapo ulikuwa na haki ya kukasirika, ila ulimkasirikia aliyebeba.

Kaeni naye mhesabu saa. Mwaminini huyo mgeni wa Muscat katika hili moja, mchukue 40 kuwa ukomo. Ahesabu alizokwisha kutumia, akiweka na za kwenda na kurudi. Nitashangaa zikipungua 30. Zilizobaki azigawe mwenyewe, na akikwambia hazitoshi, mjibu kwamba swali lake ni kubwa mno.

Nalo ni kubwa kweli. Kwa nini mwani unakufa, na joto, na chumvi, na kina, na mapato ya akina mama! Mwani umeanza kulimwa kibiashara hapa Unguja 1989, huko huko kwenu mwambao wa mashariki, na leo wakulima ni zaidi ya 20,000, wengi wao wanawake. Ile aina ya cottonii inayolipa zaidi ndiyo isiyostahimili maji ya moto, ncha zake zinageuka nyeupe, zinalainika na kukatika, na akina mama wengi wamebaki na spinosum ambayo ni ngumu lakini bei yake ndogo. Wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Buyu wanahangaika na mambo haya miaka nenda miaka rudi, wana vyombo na wana mishahara. Watoto wawili wenye mizani ya kuazima watalimaliza kwa muhula mmoja?

Mwambie alikate swali mpaka liingie kwenye kamba mbili. Kwa mfano: mche wa spinosum wa gramu 100 ukifungwa kamba ya karibu, na mwengine kama huo ukifungwa kamba ya mbali, baada ya bamvua tatu kila mmoja una gramu ngapi? Basi. Atafunga miche ishirini kila kamba, si miwili, maana mche mmoja unaweza kuliwa na samaki tasi na ukaharibu hesabu nzima. Mapato ya akina mama ayaache kabisa mwaka huu. Hilo lina adabu yake: huwezi kuandika kipato cha mtu kwenye karatasi itakayobandikwa Dar es Salaam kabla hujamweleza na akakubali, na kwenye kijiji kidogo hata usipoandika jina watu watajua ni nani.

Wengi wanadhani kuchanganya masomo ni kulundika mada. Mradi wa kwanza niliousimamia mimi ulikuwa na sura saba na haukujibu kitu. Swali hilo dogo la kamba mbili limeshayachanganya bila kulazimishwa. Kuna Jiografia ndani yake, maana vipimo vya kaskazi huwezi kuvilinganisha na vya kusi ukasema tofauti imeletwa na kina. Ukuaji ni Baiolojia. Na Kemia nayo ipo ikitafutwa. Lita moja ya maji ya bahari ikichemshwa mpaka ikauke kabisa inaacha chumvi ya gramu 35 hivi. Achote lita moja kamba ya karibu wakati jua limewaka na maji yamekupwa, achote nyengine kwenye mkondo, akaushe zote mbili, apime. Hiyo kazi inafanyika maabara ya skuli, mbele ya yule mwalimu wa Kemia mwenye daftari la alama. Aende kwake mwenyewe, aombe radhi kwa siku alizokosa, aombe alipe zile za maabara, halafu ndipo amweleze habari ya chumvi. Walimu wa Kemia ni watu wakavu, nimefanya nao kazi miaka mingi, lakini mwanafunzi akiwajia na swali lake mwenyewe wanalainika haraka kuliko anavyodhani.

Ila asijidanganye kwamba kuchemsha maji ya bahari kutampandisha kutoka 34. Kitakachompandisha ni mazoezi, karatasi baada ya karatasi. Kwa viwango vya mtihani wa Taifa wa Kidato cha Sita 61 ni C, na 34 ni F. Hapa nakujibu swali lako la mwisho bila kulipaka asali. Mbele ya NECTA, Baraza la Mitihani la Taifa, mradi huu hauna alama hata moja. Chuo kikuu kitatazama masomo yake makubwa, na kozi nyingi za sayansi zitadai Kemia na Baiolojia pamoja. Kuna washindi wachache wa maonyesho waliopata udhamini wa masomo, lakini usijenge nyumba juu ya hilo. Faida ya utafiti iko kwengine. Mtoto anajifunza kuuliza kitu kinachoweza kupimwa, na kukaa na jibu asilolitaka bila kulikimbia. Hapo ndipo alipo sasa hivi, usiku, na daftari asiloliandika.

Kwa hiyo tulijie lile dogo lako.

Nikupe kisa changu nikione haya. Miaka mingi nyuma nilikuwa nafundisha Baiolojia, nikawagawia vijana maharage wayaoteshe, kikundi kimoja kivulini, kimoja juani, wapime urefu wiki tatu. Zilikuja grafu nzuri sana, za vikundi vyote, zimenyooka kama zimepigwa rula. Nikazitia alama za juu, nikazibandika ukutani. Miaka kumi baadaye nipo Darajani nanunua ndizi, mtu mzima mwenye ndevu akaniamkia, akacheka, akaniambia, "Mwalimu, yale maharage hayakuota." Hata moja. Yalikuwa ya zamani, yameliwa na fukusi. Na mimi niliyewapa ndiye niliyewafundisha, kwa zile alama, kwamba maharage yasiyoota yanaandikwa yameota. Nilirudi nyumbani ndizi sikuzila.

Sasa yule mwalimu kijana sitamwita mwongo. Ana hamu skuli yake ionekane, na huenda hata yeye alifundishwa na mwalimu kama mimi. Lakini binti asibadilishe tarakimu hata moja. Kamba zimekua sawa? Aandike zimekua sawa. Ya mbali imepotea bamvua la tatu? Aandike imepotea, tarehe, hali ya upepo, na anachodhani kimeikata. Huo ndio utafiti wenyewe. Akina mama wakipeleka kamba zao mkondoni kwa sababu mtoto mmoja aliinyoosha grafu, halafu bahari ikazichukua, nani atawalipa?

Na kabla hajakubali kwamba ni sawa, achunguze alivyopima. Mwani uliotolewa majini sasa hivi unachuruzika, na maji yale yana uzito. Mmoja akiupima papo hapo na mwenzake akiupima baada ya kusimulia kidogo, tofauti ya kweli inaweza kufichika humo humo. Wakubaliane: kung'uta mara kumi, kuondoa mchanga na magugu, kuning'iniza kwa hesabu ya dakika moja, kisha mizani. Kila mara, kila kamba, mtu yuleyule. Kama bado zinatoka sawa, basi bahari imesema.

Hii ya namna ya kupima imewasumbua wakubwa wake. Erasto Mpemba, kijana wa hapa hapa nchini, alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba 1963 walipokuwa wakijitengenezea aiskrimu. Akaona maziwa aliyoyaweka yangali moto yameganda kabla ya yale yaliyopoa. Mwalimu wake alimwona amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam mbele ya wenzake, wakamcheka, lakini Osborne aliporudi chuoni akaagiza jambo hilo lijaribiwe, na 1969 wakatoa makala pamoja. Kisa hicho hupenda kuishia hapo kwa makofi. Mimi napenda kinachofuata: wanasayansi bado wanabishana. 2016 wawili wa Uingereza walirudia majaribio, hawakuliona tokeo hilo, na wakaonyesha kwamba ukikiweka kipimajoto juu kidogo au chini kidogo ndani ya chombo unaweza kupata jibu jengine. Sentimita moja tu, baba yangu. Ndiyo maana namsumbua binti yako kwa habari ya kung'uta.

Mwalimu wa mradi usimwendee kwa hasira, wala usiende kumshtaki kwa mwalimu mkuu. Mwendee siku ya kawaida, mwambie: "Mwalimu, mimi si msomi, lakini mimi ni fundi. Chombo nikikipima kikatoka kifupi, siandiki kirefu, maana kitakwenda majini na watu ndani. Nakuomba mtoto apeleke vipimo vyake kama vilivyo, na wewe utie saini kila ukurasa wa daftari." Atakuelewa. Saini hiyo itamlinda yeye pia, kwa kuwa jaji anayejua kazi huomba daftari kwanza, grafu baadaye, na tarakimu zilizosawazishwa zinajulikana kwa urembo wao. Akikataa kabisa, basi mradi usiende Dar es Salaam. Ubaki nyumbani, umalizwe kwa saa zilizosalia, na mamake asomewe majibu. Yeye ndiye mwenye kamba.

Huyo mama usimpite. "Mtu wa kwanza kuniuliza ninajua nini." Ningekuwa wewe ningelikaa na neno hilo. Binti amuulize miaka ipi mwani ulikufa sana, miezi gani, upande gani wa shamba, aandike kama mama anavyosema, na jina lake liwekwe kwenye kazi akipenda. Anajua mambo ambayo vipimo vya miezi mitatu haviwezi kuyafikia.

Nimebakiwa na mawili ya kukusema wewe.

La kwanza, kamba ya mbali iko mkondoni, umeandika mwenyewe, na wasichana wawili wanaifuata kwa miguu huku maji yakigeuka nyuma yao. Wewe ni fundi wa ngarawa! Wapeleke. Kwa ngarawa hata Jumamosi isiyo na bamvua mnaweza kuifikia ile ya mbali, mkaiinua, mkapima, mkarudi, na nusu ya ugomvi wa ratiba inaondoka. Na huenda ukaiona kwa macho yako kamba inakatwa na nini. Mimi nina shaka na nanga za watu.

La pili, kile kipimajoto cha duka la dawa. Mwalimu alisema kweli, hakifai. Cha homa kinaanzia nyuzi 35, na maji ya mkondo hayafiki huko. Halafu kinashikilia pale joto lilipopanda, hakishuki mpaka ukirejeshe. Kiweke cha wajukuu. Maabara ya skuli wana virefu vya kioo vinavyosoma mpaka 100 na zaidi, aombe kimoja kwa barua na aandike tarehe ya kukirudisha. Akifunge na ukambaa, akishushe mpaka usawa wa mwani wenyewe, si juu juu ambako jua limepiga, akiache ahesabu mia, akiinue na asome upesi kabla upepo haujakipoza. Wewe utashika ngarawa isitikisike, kioo kile ni chepesi kuvunjika na skuli watadai.